Nyekundu ya Tangi la Tatu

Sitasema uongo. Nilimwonea wivu wifi yangu tangu siku ile alipoteremsha masanduku yake mawili mlangoni kwangu, na mume wangu, ambaye kubeba ndoo ya maji ni mpaka abembelezwe, akayabeba yote mawili kwa mpigo mmoja.

"Karibu, mkemia wetu!" akasema.

Mkemia wetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa katika kiwanda kilekile alichokuja kuajiriwa yeye, nikirudi jioni na kucha nyekundu na mgongo umekaza kama ubao, na hakuna aliyewahi kuniita wetu wa kitu chochote. Nikatabasamu, nikampokea mkoba, nikamwonyesha chumba cha watoto ambacho sasa kilikuwa chake. Watoto wakahamia sebuleni. Wakafurahi, wale wasaliti.

Kiwanda chetu kinatengeneza rangi za kutilia vitambaa, na mimi nilikuwa mwendeshaji wa tangi la tatu, tangi la nyekundu. Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Ndani ya tangi, ambalo kina chake kinanipita urefu, kuna kimiminika cha kwanza, kinazungushwa na mapanga ya kukorogea yaliyo chini kabisa. Juu yake, kwenye pipa lililofukiwa kwenye barafu, kuna kimiminika cha pili, cha njano, ambacho kikipata joto kidogo tu kinatoa povu na kupoteza nguvu. Unafungua koki, cha njano kinadondoka ndani ya tangi, na kabla hujapepesa jicho nyekundu imezaliwa. Mwishoni unachovya kijiti, unadondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia, unangoja litandae. Likitanda nyekundu safi mpaka ukingoni, umeshinda. Likitanda na kahawia katikati, hilo ni tope, na tangi zima linamwagwa.

Zamu ya pili ilikuwa ya bwana mmoja tuliyemwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake. Kobe alikuwa mtu mwema, mwangalifu, na katika kila matangi matano alitoa tope mara tatu. Mimi tope sikuwa nimelitoa tangu mwaka wangu wa kwanza. Vipimo vyetu vilikuwa vilevile, barafu ileile, koki ileile. Basi watu wakasema nina mkono, kama wanavyosema mpishi fulani ana mkono, kwamba hata akichemsha maji yananoga. Wakaniita Mama Mkono. Wageni wakija, meneja aliwaleta mpaka ngazi ya tangi langu akawaambia, "Huyu ndiye." Nilijifanya sisikii, lakini nilikuwa nasikia mpaka kwenye visigino. Sura yangu ni ya kawaida, shule niliishia darasa la saba, mume ndiye huyo mmemwona. Kitu changu cha kunyooshewa kidole kwa sifa kilikuwa kimoja tu.

Na huo mkono wenyewe ulikuwa bomba.

Mwaka ule wa kwanza, kimpira kifupi cha kudondoshea kilichovikwa kwenye koki kilipasuka, na fundi hakuonekana. Nikaokota bomba la plastiki ngumu lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikalipitisha kwenye tundu la kifuniko, nikalichomeka kwenye shingo ya koki. Lilikuwa refu mno. Ncha yake ilizama mpaka chini, ikabakiza shibiri moja kufikia mapanga. Sikuwa na msumeno, nikaacha hivyohivyo. Nyekundu iliyotoka siku hiyo nilidhani nimeangalia karatasi ya mtu mwingine. Kesho yake nikatumia kimpira kipya, tope. Keshokutwa bomba, safi. Nilijaribu mara tano. Nikaelewa, bila mtu kunifundisha, kwamba juu ya tangi maji yamesinzia, na pale kwenye mapanga yanapigana, na nyekundu inapenda kuzaliwa kwenye vita.

Nilimweleza msimamizi wa wakati ule. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akaniambia kazi yangu ni kufungua koki, mambo ya mabomba niwaachie mafundi. Haya, nikawaachia. Nikawa nalichomeka bomba langu peke yangu, kifuniko kikishafungwa hakuna anayeona, na baada ya kazi nalitoa, naoshea nalo tangi mbele ya kila mtu. Wote wakajua ni bomba la Mama Mkono la kuoshea. Msimamizi yule aliondoka, wengine wakaja, na mimi nikazoea sifa. Matope ya Kobe yalipomwagwa mtaroni nilikuwa napita nikisema, "Pole, kaka."

Sasa huyu wifi. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: atafute kwa nini nyekundu ya tangi la tatu inatoka safi kwa mtu mmoja na tope kwa mwingine. Meneja alitukusanya, akasema mbele ya wote, "Akilipata jibu, ataliandika kwenye karatasi, tutaibandika ukutani, ili hata mlinzi wa getini akipanda pale atoe nyekundu. Asipolipata, tutaagana naye."

Hata mlinzi wa getini! Nilihisi mtu amenivua kilemba mbele ya kadamnasi. Nikapiga hesabu yangu palepale: akifaulu yeye, mimi nakuwa mtu wa kufungua koki. Akishindwa, anarudi kwa mama yake. Katikati hapakuwa na pa kukaa.

Nyumbani nako hakukukalika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe alilishika mwenyewe siku ya kwanza: aliosha vyombo, alifundisha watoto hesabu, alishona kifungo cha shati la kaka yake ambacho mimi nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Ningepata kosa lake hata dogo ningelala usingizi mzuri. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila jioni. Zamani alikuwa anaanza na mimi. Sasa akisikia sauti yangu anasema, "Hujambo mwanangu, hebu nipe mwenzio."

Jioni moja mezani mume wangu akamwuliza, "Hebu nieleze, mdogo wangu. Tatizo hasa ni nini huko?"

"Kaka, nikichanganya kwenye chupa yangu ya maabara inatoka safi kila mara. Kwenye tangi, tope. Na kemikali ni zilezile."

"Si uchawi huo!"

"Hata. Ukimimina unga kwenye maji yanayochemka, ukachelewa kukoroga, unapata nini?"

"Madonge."

"Umeona? Unga umeshikana kabla mwiko haujafika. Na hizi kemikali ndivyo zilivyo, zinashikana haraka kuliko tangi linavyoweza kuzisambaza. Tone la njano likiangukia mahali palipotulia, linabaki limejikusanya. Nyekundu inazaliwa hapo, inakutana na njano iliyobaki hapohapo, inashikwa mara ya pili. Ikishikwa mara ya pili ndiyo kahawia. Lingetawanywa mara moja, nyekundu isingemkuta mtu wa kuishika tena."

"Na chupa?"

"Chupa ni ndogo, mkorogo unafika kila kona. Tangi ni kubwa, lina sehemu zimelala."

Mume wangu akapiga meza, bakuli zikaruka. "Mke wangu, umesikia? Hiyo ndiyo elimu!"

Nilisikia. Nilikuwa nimekaa pale na kijiko mkononi, damu inanichemka. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaribu kumweleza mume huyuhuyu, kitandani, kwa nini nyekundu inapenda kuwa karibu na mapanga. Alisinzia kabla sijafika kwenye mapanga. Na sasa huyu binti, kwa wiki tatu na madaftari yake, alikuwa amefika mpaka kizingiti cha nyumba yangu. Alibakiza hatua moja tu aingie ndani. Nikasema nimeshiba, nikaondoka mezani.

Jaribio lake la kwanza aliongeza kasi ya mapanga. Kobe ndiye aliyekuwa zamu. Tone likatoka na kahawia kidogo, nafuu kuliko siku zote, na wifi akarukaruka kama mtoto. Lakini mota ilianza kunuka kuungua, fundi wa umeme akaja mbio, akaizima, akasema ikirudiwa hiyo kasi wamtafutie kazi kiwanda kingine. Nilikwenda chooni nikacheka mwenyewe. Halafu nikajitazama kwenye kioo, sikupendezwa na nilichokiona, nikanawa uso nikatoka.

Jaribio la pili alipunguza mdondoko wa koki, tone moja moja, ili kila tone lipate muda wa kutawanyika. Hilo nalo lilikuwa wazo zuri, naungama. Ila lilichukua kutwa nzima. Barafu ikayeyuka, kemikali ya njano ikaanza kutoa povu kwenye pipa kabla haijashuka, na kilichotoka mwishoni kilikuwa chekundu kilichopauka. Wifi akakaa kwenye ngazi ya chuma, kofia ya usalama magotini.

Usiku huo, hapana, ilikuwa bado jioni, watoto walikuwa hawajala, alinifuata jikoni. Nilikuwa nasugua sufuria.

"Wifi," akasema, "naomba nikuulize, na usinifiche. Wewe unafanyaje?"

"Nafanya kama wenzangu."

"Hakuna kitu unachofanya tofauti? Hata kidogo? Hata kitu unachokiona hakina maana?"

Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila ujanja. Maneno yalinijia mpaka kwenye ulimi. Ningeyatema pale, mambo yangekwisha. Lakini mume wangu akaita kutoka sebuleni, "Mkemia, njoo uangalie taarifa ya habari, acha kazi za jikoni!" Acha kazi za jikoni. Mimi nilikuwa ndani ya hizo kazi mpaka kwenye viwiko.

"Ni mkono tu, wifi," nikasema. "Mtu huzaliwa nao."

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani.

Ilipofika wiki ya mwisho ya miezi yake mitatu, meneja akaamuru wifi asimame nami zamu nzima ya Jumanne, aone kila ninachofanya toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nitegewe mtego? Nilifika kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi bado anafungua geti, nikalichomeka bomba langu, nikafunga kifuniko. Kwa nje ulikuwa unaona koki inaingia kwenye kifuniko, basi, kama kwa Kobe. Wifi alipokuja na daftari, saa na kipimajoto, nilikuwa nimekaa naimba polepole.

Aliandika kila kitu. Joto kila baada ya dakika tano. Mizunguko ya mapanga. Kasi ya mdondoko aliyoipima kwa kikombe na saa. Aliandika hata mguu nilioanza nao kupanda ngazi, naapa. Tone lilipotanda kwenye karatasi, nyekundu mpaka ukingoni, wafanyakazi waliokuwa wamekusanyika chini wakapiga makofi. Mmoja akaita, "Mama Mkono, chuo kikuu!" Wakacheka. Wifi naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Hakuna hata namba moja iliyopishana na ya Kobe," akasema.

Nikamwonyesha viganja vyangu vyote viwili. Siku hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo hata siku ya harusi yangu. Nikaosha tangi, nikaliegemeza bomba ukutani likauke kama kawaida, nikaenda kusaini daftari la zamu. Yeye alibaki juu kule na vipimo vyake.

Jumatano lilikuwa jaribio la mwisho, la Kobe, kwa kasi iliyoongezwa kidogo na mdondoko uliopunguzwa kidogo. Wifi hakupanda hata ngazi. Alikaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mimi niliyekuwa nakunja ovaroli yangu. Mara mbili alifungua mdomo, akaufunga. Nikajua amekata tamaa. Tone la Kobe likatoka na kahawia, na Kobe mwenyewe akaondoka akijilaumu, akisema labda yeye ana mkosi.

Alhamisi meneja akatuita ofisini: wifi, mimi, Kobe na msimamizi. Karatasi tisa za majaribio zilikuwa mezani, kila moja na tone lake. Meneja alikuwa na hasira ya mtu ambaye hapendi kufukuza watu.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," akasema. "Kuna mtu yeyote humu ndani anayejua?"

Kobe akatikisa kichwa. Mimi nikanyamaza kimya kama maji mtungini. Wifi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliye ng'ambo ya barabara ukingoja magari yapite avuke. Kisha akayashusha macho.

"Sijalipata jibu," akasema. "Samahani."

"Basi Jumamosi ndiyo mwisho wako," meneja akasema. "Mama Mkono, kuanzia wiki ijayo nyekundu yote ni yako. Kobe atahamia tangi la kwanza."

Nyekundu yote yangu! Nikatoka ofisini nikitembea juu ya mawingu, na mawingu yenyewe nikayaona hayatoshi.

Nyumbani mume wangu hakula. Watoto walimng'ang'ania shangazi yao miguuni. Mimi nikavaa uso wa huzuni, nikauona haunikai vizuri, nikaamua nijishughulishe. Nikaingia chumbani kwake na rundo la nguo zake nilizozianua.

Alikuwa anakunja gauni. Bila kuinua macho akasema, "Wifi, funga mlango."

Nikafunga.

"Jumanne ulipokwenda kusaini, nililiinua bomba lako la kuoshea, nikachungulia ndani. Bomba la kuoshea linapitisha maji tu. Lako ndani lilikuwa la njano, kuanzia juu mpaka ncha."

Nguo zikanitoka mikononi.

"Nikalipima na tangi. Nikaona linapofikia. Nikasema, mama yangu, mtu huyu analijua jambo hili kuliko walimu wangu." Akacheka kidogo. "Jumatano nilikungoja useme. Leo pia nikakungoja."

"Kwa nini hukusema wewe?" nikamwuliza. "Si ndiyo kazi iliyokuleta?"

"Ningesema nini? Kwamba miaka tisa unajua, na unatazama matangi ya Kobe yakimwagwa? Wangekufukuza leoleo. Mimi sina mtoto, wifi, nitatafuta kwingine. Wewe una hawa watatu wa kaka yangu." Akalaza gauni sandukuni, akalilainisha kwa kiganja. "Na kulisema lilikuwa haki yako. Wewe ndiye uliyeligundua."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimwangukia nikilia. Mtu mwenye moyo mzuri angefanya hivyo. Mimi, Mungu anisamehe, nilichokihisi kwanza hakikuwa shukrani wala aibu. Kilikuwa wivu, wivu mkali kuliko wote niliowahi kuuhisi. Alikuwa na elimu, nikavumilia. Alikuwa na kaka yake, na mama mkwe, na watoto wangu, nikavumilia kwa sababu nilikuwa na kitu kimoja ambacho hana. Sasa kumbe kitu hicho alikuwa nacho mkononi tangu Jumanne, akakiweka chini kwa ajili yangu. Hata kwa wema kanishinda! Atarudi kwao ameinua kichwa, na mimi nitapanda lile tangi kila asubuhi nikijua nimepanda kwa ruhusa yake.

Nililala macho wazi. Mume wangu alikoroma. Nikawa nawaza: hapana. Hili halitanipita. Asije akadhani moyo mzuri ni wa kwao peke yao.

Ijumaa asubuhi nililitoa bomba pale lilipoegemezwa, nikapita nalo katikati ya kiwanda, refu kunishinda, nikaligongesha kwenye mlango wa meneja nilipokuwa naingia. Nikaliweka mezani kwake juu ya karatasi zake.

"Jibu ndilo hili," nikasema. "Ya njano ikidondokea juu, inakuta maji yamelala, inajikusanya. Ikishushwa mpaka kwenye mapanga, inatawanywa kabla haijamshika mtu mara mbili. Nalijua kwa miaka tisa. Mkemia alilijua tangu Jumanne, akanifichia, ili nisifukuzwe."

Meneja aliliinua bomba. Akachungulia ndani yake kwa jicho moja, kama mtoto.

"Miaka tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Unajua Kobe alishaniomba aache kazi mara mbili? Alikuwa anasema hana akili."

Hilo sikulijua.

Hakunifukuza. Aliniambia wazi kwamba sababu ni moja tu, kuja mwenyewe, na kwamba nisimshukuru. Nikaondolewa kwenye matangi yote kwa mwaka mzima, nikapelekwa kuosha mapipa. Kisha akamwita wifi ofisini, mbele yangu akamwambia mkataba wake haujafa. Wifi akanigeukia macho yamejaa machozi, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Asante, wifi yangu, nilijua utasema." Nilijua! Sikumwambia nimefanya kwa nini. Mpaka leo sijamwambia.

Jioni mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika soksi moja. "Miaka yote hiyo, na mimi hukuniambia?"

"Nilikuambia," nikamjibu. "Ulisinzia."

Jumatatu karatasi ikabandikwa ukutani. Wifi aliandika juu kabisa kwamba njia hii imegunduliwa na mwendeshaji wa tangi la tatu, na hakuniuliza kama nataka. Chini yake palikuwa na mistari minne. Nilikuwa nimedhani itakuwa mingi zaidi.

Kobe akapanda ngazi kwa mwendo wake uleule, kidato kimoja na pumzi, kidato kimoja na pumzi. Mapipa yangu yalikuwa hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo niliona yote, nilitaka nisitake. Aliusoma mstari wa kwanza kwa sauti. Akalichomeka bomba. Akaliondoa, akalifuta, akalichomeka tena. Akafungua koki. Akaenda kukaa. Kazi yote aliifanya kama siku zote, na nilimwombea, nasema kweli, nilimwombea atoe tope. Hata dogo. Hata doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mtama, ili watu waseme hata hivyo, mkono nao una sehemu yake.

Alichovya kijiti. Akadondosha. Wote tukangoja.

Lilitanda nyekundu safi mpaka ukingoni. Lilikuwa sawasawa na langu. Mtu angechanganya karatasi mbili hizo nisingeweza kuapa ipi ni ipi. Chini hakuna aliyepiga makofi, maana hapakuwa na cha kushangaa, karatasi ilikuwa imeshasema itakuwa hivyo. Kobe peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa, ameishika ile karatasi ya tone kwa mikono miwili. Akanitazama mimi pale chini na brashi yangu. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na heri angekuwa nao.

"Mama Mkono," akaniuliza, "kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivyo tu," nikamjibu, nikainama nikaendelea kusugua pipa.